Simba Ndani ya Beli: Vichezeo vya Zamani na Wanaovikusanya Nairobi

Swali ambalo wakazi wa Nairobi huuliza kila wanaposikia kwamba kuna watu wazima wanaokusanya vichezeo vya watoto ni hili: kichezeo kilichochakaa, kisicho na boksi, kilichochaguliwa katika lundo la mitumba pale Toi au Kangemi kwa bei ya nauli ya matatu, kinaweza kuwa na thamani gani? Jibu la haraka ni kwamba vingi havina bei ya maana na vichache sana vina bei ya kushangaza. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa kuwa linatumia mizani ya minada ya London na New York, ambako kichezeo husifiwa kwa jinsi kilivyoepuka mikono ya watoto. Nairobi hakuna kichezeo cha aina hiyo, au kipo kwa nadra mno, na mkusanyaji anayekisubiri atazeeka akisubiri. Kilichopo ni kichezeo kilichochezewa na mtoto wa nchi moja, kikatupwa, kikafungwa, kikavuka bahari, kikachezewa tena na mtoto wa Kawangware au Kibera. Sura hii inashikilia kwamba thamani yake kubwa imo katika njia hiyo iliyopita, na kwamba njia yenyewe hufutika siku hadi siku kwa sababu hakuna anayeiandika.

Kabla ya kuendelea, maneno mawili yafafanuliwe. Kichezeo cha mhusika ni kile kilichopewa sura ya kiumbe wa kubuni ambaye watoto wamekwisha kumjua kutoka kitabuni, katika filamu au kwenye katuni. Sungura wa kitambaa ni sungura tu, lakini sungura aliyevaa koti la buluu ni Peter Rabbit, na mtoto anayemshika tayari anajua kwamba huyo ndiye aliyeiba mboga katika bustani ya Bwana McGregor. Neno la pili ni "zamani". Hakuna sheria inayosema kichezeo huitwa cha zamani kikifikisha umri gani, ila wakusanyaji wengi huanza kuhesabu kuanzia miaka 20 au 30, yaani muda unaotosha mtoto aliyekichezea kuwa mzazi.

Mhusika anavyouzwa

Biashara hii ni ya kale kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1903, mwandishi Mwingereza Beatrix Potter alimshona Peter Rabbit wa kitambaa na kumsajili katika ofisi ya hataza, ambayo ni ofisi inayolinda haki ya mtu juu ya kitu alichokibuni, ili mtengenezaji mwingine asimnakili bila idhini yake. Aliona mapema jambo ambalo kampuni kubwa zilikuja kuligundua baadaye, kwamba mtoto akimpenda mhusika kitabuni atataka pia kulala naye.

Katika miaka ya 1930 jambo hilo likawa kiwanda. Mwaka 1932 Walt Disney alimpa mfanyabiashara aitwaye Kay Kamen kazi ya kusimamia leseni za Mickey Mouse. Leseni hapa ni ruhusa inayolipiwa: mwenye mhusika hatengenezi saa, kikombe wala mwanasesere, bali humruhusu mwenye kiwanda kutumia sura ya mhusika wake, naye hupokea sehemu ya mauzo. Mwaka uliofuata, saa ya mkononi ya Ingersoll yenye mikono ya Mickey ikielekeza saa na dakika iliuzwa kwa wingi mno katika kipindi ambacho uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka.

Kisha ikaja filamu ya Star Wars, Mei 1977. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati, iliyokuwa na leseni ya vichezeo vyake, haikuwa tayari kwa mahitaji yaliyofurika, na ilipofika Krismasi ya mwaka huo iliuza bahasha ya kadibodi isiyo na kichezeo ndani, bali cheti cha kuahidi kwamba sanamu zingetumwa nyumbani mwaka 1978. Wazazi waliinunua ahadi hiyo. Sanamu 12 za kwanza, nyingi zikiwa na urefu usiofika sentimita 10, ziliweka kipimo kilichoigwa na watengenezaji wengine kwa miongo iliyofuata, kwani udogo huo ulimwezesha mtoto kuwa na kundi zima la wahusika pamoja na vyombo vyao vya kusafiria. Miaka michache baadaye masharti ya televisheni ya watoto yalilegezwa nchini Marekani, na mpangilio ukapinduka: badala ya katuni kuzaa kichezeo, kichezeo kikaanza kuzaa katuni. He-Man alikuwa dukani mwaka 1982, na katuni yake ikafuata mwaka 1983.

Kwa ufupi: kichezeo cha mhusika kina wazazi wawili, aliyebuni mhusika na aliyetengeneza kifaa, na wote wawili huacha alama zao mwilini mwake. Alama hizo ndizo zitakazosomwa mbele.

Nairobi ilipogeuzwa kichezeo

Msomaji anaweza kudhani kwamba habari hizi zote ni za ng'ambo. Hata hivyo, baadhi ya vichezeo vinavyotafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya vimebeba jina, neno au kumbukumbu kutoka Nairobi, na inasikitisha kwamba vinajulikana zaidi Swansea kuliko Westlands.

Cha kwanza ni seti ya Daktari. Tamthilia ya televisheni ya jina hilo ilionyeshwa Marekani kati ya 1966 na 1969, na ingawa sehemu kubwa ilipigwa picha California, wazo lake lilitokana na kazi ya daktari wa mifugo Antonie Harthoorn na mkewe Sue, waliokuwa wakiwatunza wanyama yatima Nairobi. Harthoorn ni mmoja wa waliotangulia kutumia bunduki ya sindano ya usingizi kwa wanyamapori. Kampuni ya Corgi, iliyokuwa ikitengeneza magari madogo ya chuma huko Swansea, Wales, ilitoa seti yenye Land Rover ya kijani iliyochorwa milia ya pundamilia, pamoja na sanamu ndogo za Daktari Tracy, binti yake Paula, sokwe Judy, na Clarence, simba mwenye makengeza. Ndani yake kuna pia chui-milia, mnyama ambaye mtoto yeyote aliyepelekwa mbuga ya Nairobi na shule yake angesema mara moja kwamba hapatikani Afrika. Neno lililoandikwa ubavuni mwa boksi ni la Kiswahili, na kwa watoto wengi wa Uingereza wa wakati ule huenda hilo ndilo lililokuwa neno lao la kwanza la lugha hii.

Cha pili si cha mhusika kwa maana kamili, lakini hakiwezi kuachwa. Mwaka 1965 Corgi hiyo hiyo ilitoa Volkswagen nyekundu ya mbio za magari za East African Safari, yenye namba 18 mlangoni, gurudumu la akiba juu ya paa ambalo likizungushwa hugeuza magurudumu ya mbele, na kifaru wa plastiki wa kusimama kando. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953, na mwaka uleule wa 1965 washindi wake walikuwa ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, wakiendesha Volvo. Leo Volkswagen bila kifaru hupatikana bila taabu kubwa. Kifaru ndiye anayepotea, kwa kuwa mtoto humtenga na gari na kumpeleka kwenye michezo mingine.

Cha tatu ndicho kinachopatikana kwa wingi zaidi katika masoko ya Nairobi. Filamu ya The Lion King ilitoka mwaka 1994, na vichezeo vyake vina upekee kwa msomaji wa Kiswahili, kwamba majina yake si majina kwake bali ni maneno. Mtoto wa Chicago aliyeshika Simba alishika jina la mtu; mtoto wa Kangemi aliyeshika kichezeo kilekile alishika simba. Pumbaa, yule ngiri, amebeba kitenzi kizima mgongoni. Shenzi, fisi wa kike, ana jina ambalo mzazi wa Nairobi asingependa kulisikia likitoka kinywani mwa mwanawe. Sarabi, mama yake Simba, ana jina zuri kuliko yote, neno lenye maana ya mazigazi, yaani yale maji ya uongo yanayoonekana mbele ya msafiri juani. Watoto wengi wa mjini hawalijui neno hilo, na inawezekana kabisa kwamba kichezeo cha Marekani ndicho kitakachowafundisha. Baadaye kampuni ya Disney ilisajili maneno "hakuna matata" nchini Marekani kama alama ya biashara ya mavazi, na mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu walitia saini kupinga hatua hiyo, wakisema kwamba usemi wa watu wote haufai kumilikiwa. Anayekusanya sanamu za filamu hiyo hapa Nairobi anakusanya, apende asipende, ushahidi wa mjadala huo.

Cha nne kilipita njia ya kinyume. Mwaka 2010 kituo cha watoto cha BBC kilianza kuonyesha katuni za Tinga Tinga Tales, zilizochorwa na kuhuishwa Nairobi katika studio za Homeboyz kwa mtindo wa michoro uliopewa jina la Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Wanyama wa katuni hizo waligeuzwa vichezeo laini na kuuzwa Uingereza. Bado ni vipya mno kuitwa vya zamani, lakini mtoto wa Uingereza aliyekuwa na miaka mitatu wakati huo sasa ni kijana, vichezeo vyake vinaondolewa chumbani, na baadhi yake vitarudi mjini vilikochorwa vikiwa ndani ya beli.

Njia ya beli

Beli ni mzigo wa bidhaa zilizotumika, uliobanwa kwa mashine na kufungwa kwa mikanda. Nguo ndizo zinazojulikana, lakini ziko beli za vichezeo pia, na wauzaji huzigawa kwa aina mbili: vichezeo laini, yaani vya kitambaa na manyoya, na vichezeo vigumu, yaani vya plastiki na chuma. Beli ikifunguliwa, bidhaa hupangwa kwa daraja. Vile bora kabisa, visivyo na doa, huitwa kamera. Vinavyobaki baada ya wateja kuchagua na kuchagua tena huitwa fagia, na huuzwa kwa bei ya kumaliza.

Kwa mkusanyaji, mgawanyo huu una jambo la kushangaza. Muuzaji hupanga kwa macho ya mzazi, naye mzazi hutaka kichezeo kikubwa, safi, chenye rangi kali na kinacholia kikibonyezwa, kwa hivyo dubu mpya asiye na jina huwekwa kwenye kamera, huku sanamu ya sentimita 9 iliyofifia uso, isiyo na bunduki wala joho, ikitupwa kwenye fagia pamoja na vipande vya Lego na magurudumu yasiyo na gari. Vitu vyenye historia ndefu zaidi hukaa chini ya lundo. Ndiyo maana anayekusanya hahitaji kuamka alfajiri pamoja na wanaokimbilia kamera, anaweza kufika mchana, akachuchumaa kando ya turubai, akasema, "Mama, hizi ndogo ndogo ni ngapi?" na kujibiwa, "Chagua, kastoma, zote bei moja."

Mahali pa kutafuta panatofautiana. Toi, karibu na Adams Arcade kwenye barabara ya Ngong, kuna vichezeo vya kila aina, ingawa soko hilo limeungua zaidi ya mara moja na wauzaji hubadilisha nafasi. Kangemi na Kawangware zina malundo madogo na bei nafuu. Gikomba, mashariki ya katikati ya jiji, ndiko beli nyingi hufunguliwa kwanza. Katikati ya jiji penyewe pana maduka ya inama, yaani vitabu vilivyotandazwa chini kando ya njia hivi kwamba mnunuzi hulazimika kuinama, na humo hupatikana vitabu vya katuni na vitabu vya mwaka vya wahusika, ambavyo husaidia kutambua kichezeo kuliko chombo kingine chochote. Katika mitaa ya Lavington, Kileleshwa na Parklands chanzo ni kingine: familia zinazohama au kugawa nyumba ya babu, ambako gari dogo la chuma lililonunuliwa wakati wa ukoloni linaweza kuwa bado liko kwenye sanduku la viatu.

Kuna vichezeo ambavyo vyenyewe husimulia njia vilizopitia. McDonald's haina mgahawa hata mmoja nchini Kenya, na Burger King ilifika Nairobi mwaka 2016 tu. Hata hivyo, sanamu ndogo zilizotolewa pamoja na chakula cha watoto katika migahawa hiyo miaka ya 1990, zikiwamo sanamu 7 za The Lion King za mwaka 1994, huonekana mara kwa mara katika malundo ya mitumba. Kila moja iliyoonekana Toi, kwa hivyo, ilikabidhiwa mtoto wa nchi nyingine pamoja na chakula chake, na haikuwahi kuuzwa peke yake hadi ilipofika hapa.

Kusoma mgongo na nyayo

Baada ya kukipata kichezeo, kazi ya kwanza ni kukigeuza. Sehemu ambayo mtoto haiangalii, yaani mgongo, nyayo, upande wa ndani wa paja au kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye makalio ya kichezeo laini, ndiyo yenye maandishi. Mambo yafuatayo husaidia:

- Mwaka ulio kando ya herufi c ndani ya duara ni mwaka wa hakimiliki, yaani mwaka haki ya ubunifu ilipotajwa, wala si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa. Sanamu za kwanza za Star Wars zina mwaka 1977 mguuni ilhali ziliuzwa kuanzia 1978.
- Herufi G.M.F.G.I. kwenye sanamu hizo ni kifupi cha jina la kampuni mama ya Kenner wakati huo. Wauzaji wengi hawazijui, na ni vizuri mkusanyaji azikariri.
- Maneno "Walt Disney Productions" huashiria kwamba kichezeo kilibuniwa kabla ya 1986, kampuni ilipobadilisha jina.
- "Hong Kong" kama mahali pa kutengenezwa huelekeza kwenye miaka ya 1960 hadi 1980. Baada ya hapo viwanda vingi vilihamia bara, na neno likawa "China".
- Kutokuwapo kwa alama yoyote ni dalili ya kichezeo cha kuiga, ingawa si uthibitisho.

Jambo hilo la mwisho lahitaji maelezo zaidi, kwa sababu jiji hili limejaa vichezeo vya kuiga, na wakusanyaji wanaoanza hudharau vyote kwa pamoja. Inafaa kutofautisha. Kuna uigaji wa kudanganya, ambapo kifaa kipya hutengenezwa kifanane na cha zamani ili kimwibie mkusanyaji: sanamu ya Jawa ya Star Wars, kwa mfano, awali ilivaa joho la plastiki kabla ya kupewa la kitambaa, na kwa kuwa lile la plastiki ni adimu na ghali sana, majoho bandia yamekuwa yakikatwa na kuuzwa kwa miaka mingi. Huo ni ulaghai na hauna utetezi. Lakini kuna uigaji wa soko, ambapo kiwanda kisicho na leseni hutengeneza mhusika kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wasingemudu yule halisi. Nchini Uturuki sanamu za aina hiyo zilizoitwa Uzay, zilizoiga Star Wars bila ruhusa, zilidharauliwa zilipotoka, na leo huuzwa kwa bei inayozidi ile ya nyingi za asili. Mashujaa wenye rangi zilizokosewa na majina yaliyoandikwa vibaya wanaouzwa kwa jumla Nyamakima na Kamukunji ndio waliokuwa wahusika halisi kwa watoto wengi wa Nairobi, na mkusanyaji anayewaacha anaacha sehemu kubwa ya utoto wa jiji hili nje ya kabati lake.

Mizani ya boksi

Katika minada ya nje, boksi linaweza kuwa na bei kubwa kuliko kilichomo. Sababu ni rahisi kueleweka: magari ya James Bond, yale Aston Martin ya rangi ya dhahabu yaliyotolewa na Corgi mwaka 1965, yaliuzwa kwa mamilioni, lakini watoto karibu wote walichana boksi siku ya kwanza. Gari hilo lina kiti kinachomrusha abiria kupitia paa, na abiria huyo, mtu wa plastiki asiyezidi ukucha, alirushwa na kupotelea chini ya makochi ya nusu ya dunia. Mnunuzi wa mnada hulipia boksi, karatasi ya maagizo na abiria. Gari lenyewe ni nyongeza tu.

Mizani hiyo ina mantiki yake huko ilikozaliwa, lakini kuileta Nairobi ni kujinyima. Mkusanyaji wa hapa anayenunua kutoka nje vitu vilivyofungwa atalipa usafiri na ushuru, na mwishowe atakuwa na mkusanyo unaofanana na wa mtu wa Ohio, ila mdogo zaidi. Mkusanyo wa Nairobi unaweza kuwa na kitu ambacho Ohio haina. Dubu Paddington aliyepoteza kofia, akashonewa nyingine kutokana na kipande cha leso na mama wa Kawangware, hana bei katika orodha za London, ambako angehesabiwa kuwa ameharibika. Kwa mtu anayetaka kujua jinsi wahusika wanavyosafiri na kupokelewa, dubu huyo ana maelezo ambayo dubu kumi walio ndani ya boksi hawana: rangi ya leso, aina ya uzi, mshono uliorudiwa mara mbili pale sikio lilipolegea. (Mwandishi wake, Michael Bond, alikusudia dubu huyo atoke Afrika, akabadilisha kuwa Peru baada ya kuambiwa kwamba Afrika haina dubu.)

Kutunza

Hali ya hewa ya Nairobi ni rafiki kwa vichezeo kuliko ile ya Mombasa, kwani joto na chumvi huviharibu haraka. Adui wa hapa ni jua kali la nyanda za juu, ambalo hufifisha rangi ya kitu kilichowekwa dirishani, na unyevu wa masika. Betri zitolewe kabla ya jambo lingine lolote. Plastiki laini isifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu mafuta yaliyochanganywa nayo kiwandani ili iwe laini hutoka polepole na kuifanya inate. Karatasi nyeupe isiyo na wino inafaa zaidi. Kichezeo laini kilichotoka kwenye beli kifungwe na kukaa kwenye friza siku kadhaa ili wadudu wafe. Na kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, yaliyo sumu, gari la chuma la miaka ya 1950 asipewe tena mtoto, hata akililia.

Kadi

Mkusanyaji mkuu wa historia ya Kenya, Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, aliacha vitabu, sanaa na stempu ambazo sehemu yake huonekana leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, na sehemu nyingine katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Vichezeo vya kiwandani havikuwa shughuli yake, lakini msimamo wake, kwamba vitu vya Afrika vikusanywe na kubaki Afrika, unahusu sura hii moja kwa moja, kwa kuwa kichezeo kilichochezewa Kibera nacho ni kitu cha Afrika, hata kama kilimwagwa katika kalibu ya Hong Kong.

Tofauti kati ya mkusanyo na lundo ni kadi. Kwa kila kichezeo, siku hiyo hiyo kinaponunuliwa, kabla kumbukumbu haijapoa, yaandikwe machache: tarehe na soko; bei; nchi beli ilikotoka, kama muuzaji anaijua, naye mara nyingi anaijua, kwani ubora wa beli hutegemea inakotoka; alama zote zilizoko mwilini; na marekebisho yote yaliyofanywa, hata yanayoonekana mabaya. Jina la mtoto lililokwaruzwa kwa kalamu kwenye unyayo lisisuguliwe. Kama kichezeo kimetoka kwa familia badala ya soko, mwenyewe aulizwe kiliitwaje nyumbani, kwa sababu watoto wa Nairobi wamewapa wahusika wa kigeni majina ambayo hayamo katika orodha yoyote.

Shujaa asiyeuzwa

Makmende ndiye mfano bora. Kwa maelezo yanayokubalika na wengi, jina hilo lilitokana na watoto wa Nairobi waliosikia maneno ya Kiingereza ya Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983 na kuyatamka kwa namna yao, hadi yakawa jina la yeyote anayejifanya shujaa. Mwaka 2010 kikundi cha Just a Band kilimpa mwili katika video ya wimbo "Ha-He", na jiji zima likacheka kwa kumtambua mtu ambaye lilimjua tangu utotoni. Hakuwa na kichezeo. Aliyemtaka alijifunga shuka shingoni na kushika kipande cha mbao.

Wala hakuwa peke yake. Watoto ambao kichezeo cha dukani hakikuwafikia walijitengenezea, na wakaweka wahusika humo pia. Gari la waya la Nairobi, lenye usukani mrefu unaomwezesha mwenyewe kuliendesha akiwa amesimama, hutengenezwa kwa waya wa ua au wa kuanikia nguo, magurudumu yakikatwa kutoka kwenye malapa yaliyokatika au vifuniko vya chupa, na mwili ukifunikwa kwa kadibodi au bati la kopo la mafuta ya kupikia. Likiwa matatu, huchorwa. Na kwa kuwa matatu halisi za jiji huchorwa wanamuziki, wachezaji na mashujaa wa filamu, matatu ya waya nayo hupata Batman wake kwa kalamu ya rangi, mara nyingi akiwa na masikio marefu kupita kiasi, bila leseni ya mtu yeyote. Hicho ni kichezeo cha mhusika kwa maana kamili iliyotolewa mwanzoni mwa sura hii, na kwa maoni ya sura hii kinastahili rafu ya juu kuliko Aston Martin ya dhahabu.

Kukipata ni kugumu kuliko kupata kifaru wa Corgi. Vichezeo vya kiwandani hudumu kwa sababu plastiki haina matumizi mengine, lakini waya ni mali. Mtoto akilichoka gari lake, au mdogo wake akilikanyaga, waya hunyooshwa kwa jiwe ukawa waya tena, malapa hurudi jaani, na kadibodi yenye Batman huwashia jiko. Mkusanyaji anayeliona likisukumwa kando ya barabara huko Kangemi ana wiki chache tu za kuuliza bei, na wa kwanza kulipwa awe aliyelitengeneza, kisha umri wake na mtaa wake viandikwe kwenye kadi, pamoja na jibu lake akiulizwa yule aliyechorwa ubavuni ni nani.